Kutoka Matokeo ya Kidato cha Sita Hadi Mlimani: Hatua kwa Hatua

Kila mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, meza yangu hapa Singida mjini hujaa bahasha. Kazi yangu ni kuwasaidia vijana kujaza maombi ya chuo na ya mkopo, na nimeifanya tangu nilipomaliza mwenyewe pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi tunakiita Mlimani. Wazazi wengi huja na hofu ya ufaulu. Lakini vijana niliowaona wakikwama, wengi walikuwa wamefaulu vizuri tu. Walikwamishwa na herufi moja kwenye jina, au na namba ya simu isiyo yao. Ndiyo maana naanza na vyeti.

Hatua ya 1: Soma majina yako kwa sauti

Fanya hivi mwezi wa tano au wa sita, usisubiri matokeo. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba ya NIDA. Wewe soma cheti kimoja herufi kwa herufi, mtu mwingine afuatilie kwenye kingine.

Mwaka jana alikuja binti na mama yake, vyeti wamevifunga kwenye kitambaa safi kama msahafu. Kidato cha nne jina la kati ni Ramadhani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ramadhan. Tangu darasa la kwanza hakuna aliyeiona ile "i", na kwa kweli nyumbani nani angeiona? Mama aliishika karatasi muda mrefu, akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu ni nani kati ya hawa wawili?" Tulikuwa na wiki tano mbele yetu, zikatosha. Kijana mwenye tatizo hilo hilo anayekuja siku mbili kabla ya dirisha la maombi kufungwa, mimi huyo simwezi.

Cheti cha kidato cha nne ndicho kinachoongoza safari yote, kwa sababu namba yako ya mtihani ya kidato cha nne ndiyo itakayokutambulisha chuoni na Bodi ya Mikopo. Kwa hiyo rekebisha vingine vifuate hicho. Nenda ofisi ya wilaya ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na uulize utaratibu wa kusahihisha cheti cha kuzaliwa, na kama watahitaji hati ya kiapo ya majina, ipate kwa wakili au mahakamani. Cheti kikishakuwa sawa, kihakikiwe RITA kwa njia ya mtandao. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Waliozaliwa Zanzibar huhakiki kwa wakala wa usajili wa huko.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pointi

Chukua matokeo yako: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S ni nusu pointi tu na haihesabiwi kama ufaulu mkuu, yaani principal pass, ambao ni A hadi E. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, kiwango cha chini kilichowekwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni ufaulu mkuu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4. Mwenye C ya Historia, D ya Jiografia na E ya Kiingereza huchukua 3 na 2, anapata 5, ameruka kizingiti. Mwenye stashahada huangaliwa kwa GPA, yaani wastani wa alama zake, kuanzia 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne.

Sasa nisikilize vizuri, mdogo wangu. Pointi 4 zinakupa ruhusa ya kuomba. Hazikupi nafasi. Kila kozi ina masharti yake ya masomo, na yenye waombaji wengi huwachukua wa juu kwanza. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU cha mwaka huu huu, wala usitegemee cha kaka yako, maana masharti hubadilika.

Hatua ya 3: Omba chuo, kwa simu yako

Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa udahili wa chuo, unapewa kontroo namba ya malipo, unalipa ada ya maombi, unajaza namba za mtihani, unapanga kozi.

Chaguo la kwanza weka unachokipenda na unachostahili kwa pointi. Chaguo la mwisho weka kozi isiyo na msongamano ambayo moyo wako hautaikataa. Wanafunzi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hukimbilia sheria wote kwa pamoja, na wengi hawajawahi hata kufungua ukurasa wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha TUKI, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na Idara ya Kiswahili. Mimi nasema ni hasara, na nitaendelea kusema.

Angalia pia kozi inafundishwa wapi. Vyuo vishiriki vya elimu vya Mlimani ni viwili: DUCE iko Chang'ombe, MUCE iko Iringa; tawi la sayansi za afya liko Mbeya, na TEHAMA inafundishwa Kijitonyama. Nimewahi kumpokea mzazi aliyeshakodi chumba Changanyikeni, jirani na Mlimani, wakati mtoto amepangiwa Iringa.

Namba ya simu na barua pepe ziwe zako mwenyewe. Kuna kijana alijaziwa fomu kwenye duka moja, mwenye duka akaandika namba yake ili kuokoa muda. Ujumbe wa chuo ukaingia simu isiyo yake, na hakuna aliyempigia. Kwangu hapa huwa nampa kijana simu yake mkononi, nasubiri ajiandikie nywila mwenyewe kwenye daftari, hata foleni ikinung'unika.

Hatua ya 4: Mkopo na ufadhili

Usisubiri kuchaguliwa chuo ndipo uombe mkopo. Maombi ya Bodi ya Mikopo, HESLB, hufanyika kwenye mfumo wake na yana dirisha lake. Tumia namba ile ile ya kidato cha nne uliyoombea chuo. Waliorudia mtihani wana namba mbili, na hapo ndipo wengi huchanganya.

Mkopo hutolewa kwa uhitaji, na uhitaji unaonekana kwa karatasi. Yatima aweke vyeti vya kifo vilivyohakikiwa. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iweke namba ya kaya. Mwenye ulemavu awe na fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili apate barua ya mfadhili huyo. Hili la mwisho husahaulika sana: bila barua hiyo, shule yako ya kulipia inaonyesha kwamba nyumbani fedha zipo. Kisha kuna kurasa za saini: yako, ya mdhamini, ya serikali ya mtaa au kijiji, na ya wakili au hakimu. Kagua kila muhuri kama unasomeka kabla hujapakia.

Matokeo hutoka kwa awamu, na baadaye hufunguliwa dirisha la rufaa. Ukipata asilimia ndogo, kata rufaa kwa ushahidi mpya. Barua ya kulia peke yake haisaidii.

Mzazi, mkopo huu unarejeshwa. Mhitimu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyowatesa kaka zetu, ilifutwa mwaka 2021.

Kwa waliofaulu sayansi kwa kiwango cha juu kabisa, upo ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23. Huo hauna kurejesha. Wizara hutangaza majina ya wanaostahili, nao huomba kupitia mfumo wa HESLB. Kama una ufaulu huo, angalia orodha kwa macho yako.

Hatua ya 5: Thibitisha

Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja. Ithibitishe ndani ya muda uliotolewa. Usipofanya hivyo, nafasi inapotea, na pointi zako zote hazitaizuia.

Hatua ya 6: Kufika na kujisajili

Ukishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, usimwambie kondakta "Mlimani". Atakushusha Mlimani City, kwenye maduka. Sema "Chuo".

Beba vyeti halisi, nakala, picha za pasipoti, fomu ya afya na fedha ya bima, shilingi 50,400. Akaunti ya benki ifunguliwe kwa majina yale yale matatu. Beba pia fedha ya kula ya mwezi mmoja na nusu. Fedha ya chakula na malazi, ambayo pale kila mtu huiita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku kwa mwenye kupata yote, lakini la kwanza linaweza kukukuta umeshakaa wiki kadhaa. Likiingia, lipia kwanza chumba.

Omba hosteli mapema. Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa mwaka 2017, hulaza wanafunzi 3,840, na bado vitanda havitoshi. Wanaokosa hupanga Changanyikeni, Msewe au Sinza, au hubebwa na rafiki, yaani hulala naye mzungu wa nne kwenye kitanda cha futi mbili na nusu. Chakula usikiache dirishani, tumbili wa Mlimani wanajua kufungua.

Hatua ya 7: Muhula wa kwanza

Mihadhara ni Kiingereza, maisha ni Kiswahili. Utakaa ukumbini na mamia ya wenzako kwenye somo la DS, yaani Development Studies, ambalo mwaka wa kwanza hawalikwepi, na mhadhiri hatakuita jina. Madesa, yaani notsi za kurithi, ya mwaka uliopita yatakufikia siku ya pili. Yapokee, lakini usiyafanye mwalimu wako.

Alama za kozi ni 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Anayezidharau zile 40 ndiye tunayemkuta kwenye sapu, mtihani wa marudio, mwezi wa tisa. Tafuta watatu au wanne wa kozi yako, mkae kwenye kimbwete, yale mabenchi na meza za zege chini ya miti, na kila mmoja aeleze mada kwa maneno yake. Mimi mwenyewe sikuwahi kuelewa takwimu darasani. Nilizielewa pale kwenye zege, saa nne usiku, nikifundishwa na binti wa Tandahimba aliyechora jedwali kwa chaki.

Wiki ya test vimbwete hujaa kuanzia magharibi. Tanguliza mmoja wenu akaweke madaftari.