SOMO: Dozi ya mseto wa malaria (artemether na lumefantrine), kuanzia kipimo hadi kidonge cha mwisho

Kila masika yakianza naulizwa lile lile: "Mwalimu, mseto unamezwaje?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Pima. Homa peke yake haithibitishi malaria.

2. Jua uzito. Kilo 35 na kuendelea ni vidonge 4 kwa mara, mara 6, jumla 24. Kilo 5 hadi 14 kidonge 1, 15 hadi 24 viwili, 25 hadi 34 vitatu. Mjamzito amwambie mhudumu kabla ya kupewa dawa.

3. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, siyo 12. Umeanza saa 2 usiku? Tegesha kengele ya saa 10 alfajiri. Ya tatu ni saa 2 usiku unaofuata, na zilizobaki kila baada ya saa 12.

4. Kula, na kiwemo chenye mafuta. Hapa niliumia mwenyewe. Nilikuwa napanga chumba Mbagala, mdomo mchungu, chakula hakipiti. Dozi zote sita nikazishushia strungi. Nikapata nafuu, nikarudi darasani. Wiki ya tatu baridi ikanirudia usiku, nikapima kwa hadubini: vimelea vipo. Ndani ya kidonge mna dawa mbili. Artemether inaua vimelea vingi haraka, lakini baada ya saa chache imekwisha mwilini. Lumefantrine inakaa siku kadhaa ikimalizia waliobaki, nayo bila mafuta utumbo unaifyonza kidogo sana. Maziwa, chapati, karanga, muhogo wa nazi, hata kidogo, vinatosha. Tafadhali usimpe mgonjwa mseto na chai kavu.

5. Maliza vyote.

MASWALI

Kijana wa Tandika: Nimemeza siku moja, homa imekata. Nimwachie mdogo wangu vilivyobaki?
— Hapana. Soma namba 5. Mdogo wako akapimwe, apewe dozi ya uzito wake.

Kijana wa Tandika: Lakini nimepona kabisa.
— Homa imeshuka, vimelea hawajaisha. Meza.

Neema F4: Shikamoo mwalimu. Kwa nini dawa mbili badala ya moja yenye nguvu?
— Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Kimelea kimoja kati ya mamilioni kinaweza kuzaliwa na badiliko la jeni linalokilinda dhidi ya dawa moja. Kuwa na mabadiliko mawili kwa pamoja ni nadra mno. Klorokwini tuliitumia peke yake miaka mingi hadi ikashindwa. Mwaka 2001 tukahamia SP (sulfadoxine-pyrimethamine), na 2006 Tanzania ikachagua mseto. Mtihani ukikuuliza usugu, usiandike "mwili umezoea dawa". Anayekuwa sugu ni kimelea.

Mama Sele: Mwanangu amemaliza dozi, anacheza, ila kipimo cha haraka bado kina mistari miwili. Nirudie dawa?
— Usirudie kwa mistari hiyo tu, dada. Kipimo hicho husoma protini ya kimelea, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Homa ikirudi, omba hadubini.

Mama Sele: Asante. Juisi ya balungi anaruhusiwa?
— Asubiri amalize dozi. Balungi huongeza kiasi cha dawa kwenye damu. Embe mpe.