Jinsi ya kujenga kimya kwenye filamu, muziki na hadithi

Kimya hakipatikani kwa kuzima sauti. Mwaka 1951, kwa simulizi yake mwenyewe, mtunzi wa muziki John Cage aliingia katika chumba kisicho na mwangwi pale Chuo Kikuu cha Harvard akitarajia asisikie kitu, akasikia sauti mbili, moja nyembamba na moja nzito, zote za mwili wake. Mwaka uliofuata akatunga 4'33", kazi ambayo mpigaji hapigi noti hata moja na hadhira inabaki kuusikiliza ukumbi. Basi mtu anayetaka kimya hana budi kukijenga kwa sauti ndogondogo.

Kwenye filamu kazi inaanza siku ya kupiga picha. Kila chumba kina mvumo wake: hewa, taa, feni ya mbali. Kabla vifaa havijaondolewa, nasa mvumo huo kwa sekunde 30 hadi 60. Maikrofoni ibaki pale pale ilipokuwa waigizaji wakizungumza, kiwango cha kunasia kisiguswe, taa ziwe zile zile. Watu wote wabaki ndani wakiwa wametulia, kwa sababu miili na nguo hunyonya sauti. Ukiwatoa watu kumi, chumba kitavuma vingine na kipande hakitaungana na picha. Jokofu lizimwe kabla ya kuanza. Fundi sauti mwenye akili huweka ufunguo wa gari lake ndani ya jokofu hilo, ili asiweze kuondoka bila kuliwasha tena.

Kwenye uhariri, usiache pengo tupu kabisa kwenye mstari wa sauti. Mtazamaji akikutana na utupu huo haoni huzuni wala hofu. Anadhani spika imekufa. Tandika mvumo wa chumba chini ya onyesho zima, na kila kiungo ukipishanishe kwa fremu chache, yaani picha moja moja za filamu, ili mshono usisikike. Ikibidi kurudia kipande kile kile, toa kwanza kikohozi na mlio wa kiti, maana sikio hukamata upesi kitu kinachojirudia kila baada ya sekunde kumi.

Kisha ongeza sauti moja au mbili za karibu: tone la bomba, kijiko kikigusa sahani, pumzi ya mwigizaji. Sauti ambayo husikika tu mahali palipotulia ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba pametulia. Ukifikisha nne tayari ni kelele.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye filamu, uweke mshindo huo kabla yake pia. Sekunde 20 au 30 kabla ya kimya, jaza onyesho kwa mvua, injini au watu wanaobishana. Ukitaka mshtuko, kata sauti yote isipokuwa mvumo wa chumba kwenye fremu moja, hasa pale mlango unapofungwa. Ukitaka wasiwasi, ishushe taratibu kwa sekunde tano hadi kumi, mtazamaji asijue ilipopotelea.

Urefu ndio unaowashinda wengi. Kikitazamwa peke yake, kimya huonekana kirefu mno, ndiyo maana wahariri hukikata mapema. Rudi nyuma dakika mbili, tazama mfululizo, na pale mkono unapotaka kukata, ongeza fremu 24, yaani sekunde moja kwa filamu ya kawaida ya sinema. Sikiliza kwa spika, kwa kiwango kile kile cha onyesho lililotangulia. Kwa vipokea sauti vya masikioni utausikia mvumo vizuri mno, uushushe, na kwenye spika usibaki kitu. Na tafadhali, usitandike fidla chini yake. Hapo umemnyang'anya mwigizaji kazi aliyokwisha kuifanya.

Kwenye muziki, piga hesabu. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pumziko la pigo moja ni nusu sekunde. Ukumbi ambao mwangwi wake unachukua sekunde mbili kufifia utalimeza. Humo unahitaji zaidi ya mapigo manne ndipo kimya kianze kusikika. Simamisha wimbo kabla haujatua: mstari unaoishia ti, noti ya saba ya ngazi, unaliacha sikio likingoja do. Mtunzi Haydn alifanya hivyo kwa ustadi katika Opus 33 namba 2, kazi ya ala nne za nyuzi, ambayo mwisho wake umejaa mapumziko hata wasikilizaji hawajui kama umeisha. Mwongoza kwaya abakishe mikono juu muda wote. Akiishusha, watu watapiga makofi.

Katika shairi la mizani 16, kimya kimekwisha kupangiwa mahali: kati ya ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, na utao, kipande cha pili, baada ya mizani ya nane. Neno likivuka mpaka huo, mghani hana pa kuvutia pumzi.

Hadithi haina saa, kwa hiyo muda hupimwa kwa vitendo. "Mama alinyamaza kwa muda mrefu" ni taarifa tu, na nukta tatu haziongezi kitu. Jaribu hivi:

"Amefariki lini?"
Mama aliufuta mdomo wa birika kwa kitambaa. Akaufuta tena.
"Sukari iko kwenye kopo."

Kitendo kiwe kidogo, kifanyike mara moja zaidi ya inavyohitajika, na jibu likwepe swali. Vitendo viwili vinatosha. Vikifika vitano, msomaji ataanza kufuatilia usafi wa birika. Ukimaliza, tafuta sentensi inayoeleza kwa nini Mama hakujibu, uifute. Mara nyingi huwa imejificha mwishoni mwa aya.