Somo: Namna seli inavyoilinda p53 DNA inapoharibika

Kila muhula wanafunzi wangu hapa Kigoma huniuliza jambo hili hili: DNA ikiharibika, p53, yaani protini inayoilinda seli isigeuke kuwa ya saratani, huongezekaje? Kwa hiyo nimeamua kuliandika mara moja.

Hatua ya 1. DNA inakatika, kwa mfano kwa mionzi.

Hatua ya 2. Kimeng'enya kiitwacho ATM kinaamshwa na mkatiko huo.

Hatua ya 3. Hapa ndipo nilipokosea mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nikaliambia darasa zima kwamba seli iliyoumia huiwasha jeni ya p53 ili protini iongezeke. Sivyo. Hata seli isiyo na dosari hutengeneza p53 saa zote, lakini protini nyingine, MDM2, huikamata na kuipachika ubikwitini, yaani alama ya kwamba iharibiwe, kisha p53 husagwa kwenye proteasomu, kinu cha seli cha kuvunja protini, kiasi kwamba nusu yake hutoweka kwa takriban dakika 20. Tazama dagaa wa Kibirizi: alfajiri mitumbwi hushusha mzigo, wachuuzi wakauzoa wote, mwalo ukabaki mweupe. Siku wachuuzi wasipofika, dagaa hurundikana ingawa hakuna mvuvi aliyeongeza wavu. ATM huipachika p53 fosfeti na kuigusa MDM2 pia, mshiko ukalegea, p53 ikarundikana. Tafadhali msiandike kwenye mtihani kwamba jeni ndiyo iliyowashwa. Kinachobadilika hasa ni kasi ya kuharibiwa.

Hatua ya 4. p53 nne huungana, zikashika DNA na kuwasha jeni nyingine, ikiwamo ya p21 inayosimamisha mgawanyiko ili ukarabati ufanyike. Uharibifu ukizidi, seli hujiua.

MASWALI

— Mwalimu, kwa hiyo jeni ya p53 inawashwa na nini?
Rudi hatua ya 3, uisome yote.

— Shikamoo mwalimu. Ukarabati ukiisha, p53 hupunguzwa na nani?
Marahaba, mwanangu, umeuliza vizuri sana. Miongoni mwa jeni zinazowashwa na p53 imo ya MDM2 yenyewe, yaani p53 humwita anayekuja kuiondoa. Ndiyo maana katika seli zilizopigwa mionzi wingi wake huweza kupanda na kushuka kwa mawimbi.

— Je, saratani ya mlango wa kizazi inahusika hapa?
Inahusika mno. Virusi vya HPV aina ya 16 na 18, ambavyo ndivyo husababisha sehemu kubwa ya saratani hiyo, vina protini E6, ambayo huifanya p53 ipachikwe ubikwitini na kusagwa bila kuingojea MDM2. Mara nyingi jeni huwa nzima, ila protini haikai. Chanjo ya HPV hutolewa kwa wasichana nchini tangu 2018, kwa hiyo mwenye binti aulize kituo cha afya kilicho karibu naye.