Kufuatilia CMV na virusi wengine baada ya kupandikiza seli shina

Huu ni utaratibu kwa wagonjwa waliopokea seli shina (seli zinazotengeneza damu) za mtu mwingine. CMV ni sitomegalovirusi, kirusi anayebaki mwilini baada ya maambukizi. Shabaha ni kumnasa kirusi kwenye damu kabla hajageuka ugonjwa wa mapafu au utumbo.

Hatua ya 1. Kabla ya kupandikiza, pima kingamwili za IgG (alama ya maambukizi ya zamani) dhidi ya CMV kwa mgonjwa na mchangiaji. Mgonjwa mwenye CMV anayepewa seli za mchangiaji asiyewahi kuambukizwa ndiye wa kuangaliwa zaidi: kirusi amejificha mwilini mwake, na kinga mpya haimjui.

Hatua ya 2. Chagua plazma au damu nzima, usichanganye. Tumia maabara moja, majibu yaje kwa IU/ml (uniti za kimataifa kwa mililita).

Hatua ya 3. Fanya PCR, kipimo kinachohesabu DNA ya kirusi, kila wiki hadi siku ya 100 baada ya kupandikiza. Kama kipandikizi kinamshambulia mgonjwa na anatumia steroidi, endelea baada ya hapo.

Hatua ya 4. Soma mwelekeo. Hapa ndipo wengi wanateleza. Kutoka 200 hadi 500 IU/ml kunaweza kuwa mtikisiko wa kipimo tu. Mabadiliko yasiyofika mara tatu yasikuyumbishe peke yake. Kutoka 200 hadi 2,000 ndani ya wiki, kirusi anazaliana kweli. Anza tiba kwa kiwango ambacho kituo chako kimekubaliana, na hesabu neutrofili (seli nyeupe za kinga) mara kwa mara, kwa sababu gansiklovia, dawa ya CMV, hukandamiza uboho.

Wiki mbili za mwanzo za tiba namba inaweza kuendelea kupanda. Usikimbilie kusema kirusi ni sugu kwa dawa. Hakikisha kwanza dozi inalingana na utendaji wa figo. Ikizidi kupanda baada ya wiki mbili za dozi kamili, omba kipimo cha mabadiliko ya UL97 na UL54, jeni za kirusi zinazohusika na usugu.

Anayekinga CMV kwa letemovia ana jambo lake. Dawa hiyo huzuia ufungashaji wa kirusi, haizuii utengenezaji wa DNA, hivyo PCR inaweza kusoma chembe kidogo pasipo kirusi hai. Rudia kipimo kabla ya kubadilisha tiba. Na tafadhali usimwachishe asiklovia, dawa ya kukinga herpesi simpleksi na tetekuwanga: letemovia haigusi virusi hao.

Hatua ya 5. Ongeza kipimo cha EBV (kirusi wa Epstein-Barr) kwa aliyepewa dawa za kufyeka seli T, ambazo ni seli za kinga, na adenovirusi hasa kwa watoto. Kirusi wa BK mtafute mgonjwa akikojoa damu.

Mgonjwa akiharisha huku PCR ya damu haionyeshi kitu, usifute CMV ya utumbo. Omba endoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya utumbo) na kinyama kipimwe.