Jinsi ya Kupiga Picha za Urekebishaji kwa Ajili ya Nebula na Galaksi

Katika miezi ya Januari na Februari, Nebula ya Orion, wingu kubwa la gesi na vumbi angani, hupita karibu na utosi katika anga la Afrika Mashariki, na kamera ya kawaida yenye lenzi ndefu inatosha kuinasa. Hata hivyo, pamoja na mwanga wa nebula, kihisi cha kamera hurekodi pia chenga (nukta za ovyo) zitokanazo na joto lake chenyewe, vivuli vya vumbi na weusi wa pembeni unaosababishwa na lenzi. Picha za urekebishaji hunasa kasoro hizo peke yake, ili programu kama Siril au DeepSkyStacker iziondoe.

Zilizo muhimu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni picha za mwanga sawia (flats), yaani za uso unaong'aa kwa usawa, na ndizo zinazopuuzwa zaidi. Kabla ya kuifungua kamera kutoka kwenye lenzi au darubini, au kugusa fokasi, funika mdomo wa lenzi kwa kitambaa cheupe kilichonyooshwa bila mkunjo, uielekeze kwenye anga la alfajiri, kisha upige picha 20 hivi, ukichagua muda utakaoweka kilele cha histogramu (grafu ya mwangaza wa picha inayoonyeshwa na kamera) karibu na katikati. Kamera ikizungushwa hata kidogo, vivuli vya vumbi havitalingana tena na vile vya picha za nebula, na programu itaongeza madoa badala ya kuyafuta.

Picha za giza (darks) hupigwa lenzi ikiwa imefunikwa kabisa, kwa ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) ileile na muda uleule wa picha za nebula: ikiwa hizo zilikuwa za sekunde 60, nazo ziwe za sekunde 60. Joto nalo sharti lilingane, kwa sababu chenga za joto huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo, katika usiku wa joto wa pwani, zipige palepale nje mara umalizapo kazi, wala si baadaye katika chumba chenye kiyoyozi. Picha 20 hadi 30 zinafaa, maana zikiwa chache mno, chenga zake zenyewe huhamia kwenye picha ya mwisho.

Picha za msingi (bias), zinazonasa chenga za saketi za kamera yenyewe, ni rahisi: funika lenzi, weka ISO ileile na kasi ya juu kabisa ya shata, mathalani 1/4000 ya sekunde, upige 50. Hizi hutumika kusafisha zile za mwanga sawia.

Zote ziwe katika faili ghafi (RAW), na kipunguza chenga cha ndani ya kamera kizimwe.