Wembe mkuukuu wa kukunja: kuuchagua, kuunoa na kuutunza penye hewa ya bahari

Wembe wangu wa kwanza wa kukunja niliununua Hamburg mwaka 1998, kwenye gulio la vitu vikuukuu, meli yetu ikiwa gatini. Nililipa mark 15. Nilikuwa kijana wa chumba cha injini, na kilichonivuta si jina wala mpini, ni chuma: hakikuwa na pengo hata moja. Leo ninazo nyembe 23 hapa Mji wa Kale, Mombasa, na kila nikishika wembe nisioujua bado naanza na chuma. Mpini huchongwa upya. Chuma kilichopasuka hakina dawa.

Ukipata wembe, ufungue juani. Kutu nyekundu ya juu juu isikutishe, hiyo hutoka kwa msasa laini na mafuta. Vishimo vyeusi vilivyofika kwenye makali ndivyo vya kuogopa, kwa sababu utanoa uvimalize na vingine vitazuka chini yake. Gonga bapa kwa ukucha: chuma kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kisha tazama mgongo. Mgongo na makali hulala pamoja juu ya jiwe, na unene wa mgongo ndio unaoamua pembe ya makali. Ukilika upande mmoja kuliko wa pili, urudishe kwa muuzaji.

Chapa hupigwa kwenye shina, yaani kipande cha chuma kati ya makali na mkia. Utakutana zaidi na Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani. Joseph Rodgers, watengenezaji wa Sheffield, hutambulika kwa nyota na msalaba. Wembe wa Sheffield usio na jina la nchi mara nyingi ni wa kabla ya 1891, mwaka Marekani ilipoanza kudai bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka. Jina la Solingen linalindwa na sheria tangu 1938. Mimi moyo wangu uko Eskilstuna, Sweden: chuma kigumu, kisicho na mapambo, kinachokaa na makali yake. Upana huhesabiwa kwa sehemu za nane za inchi. Anza na 5/8, karibu milimita 16, wenye ncha ya mviringo. Hata ukiagiza mpya kwa fundi wa kuufua kwa mkono, mwombe vipimo hivyo hivyo.

Mpini wa pembe ya ndovu usiuguse, uwe mzuri namna gani. Mafundi wa Sheffield walitumia pembe nyingi za Afrika. Biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku 1989, mwaka ule ule Kenya ilipochoma tani 12 Nairobi, na kuwa nayo hapa bila kibali ni kosa la jinai.

Seluloidi, ile plastiki ya zamani, nayo ina hatari yake, na hii nilijifunza kwa hasara. Niliweka nyembe saba kwenye kopo moja la biskuti. Mpini mmoja wa seluloidi ukaanza kuoza na kutoa mvuke wenye asidi, na nilipofungua baada ya miezi mitatu zote saba zilikuwa zimeshika kutu. Mbili hazikupona. Ukisikia harufu kali ya kafuri au siki, au ukiona mpini unatoka jasho, utoe siku hiyo hiyo.

Mpini mpya natengeneza wa mpingo. Omba vipande vya mabaki kwa wachongaji, vipasuliwe vibao viwili vya milimita 3, uvipige msasa pamoja ili vilingane. Toboa matundu ukiwa umevibana, pitisha waya wa shaba wenye vikombe vidogo pande zote mbili, ugonge kwa nyundo nyepesi, kidogo kidogo. Ukipiga kwa pupa, mpingo hupasuka. Wembe ukifungwa, makali yaingie katikati bila kugusa ubao.

Sasa kunoa. Jiwe liwe bapa kabisa. Nalisugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo. Paka makali wino wa felti peni, ulaze wembe mgongo na makali pamoja, usukume makali yakitangulia. Wino uliobaki unakuonyesha jiwe halijafika wapi. Anza na jiwe namba 1000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), na usiondoke hapo mpaka wembe ukate malaika ya mkono kutoka kisigino, mwisho wa makali ulio karibu na shina, hadi ncha. Wengi hukosea hapa, wanakimbilia 8000 na kuishia kung'arisha ubutu. Kisha 4000, 8000, 12000, uzito wa wembe wenyewe ukitosha. Ukandani, yaani kwenye ukanda wa kitambaa na ngozi wa kulainishia makali, ni kinyume: mgongo unatangulia, na unageuza wembe kwa mgongo, kamwe si kwa makali. Mara 20 kwenye kitambaa, 40 kwenye ngozi iliyovutwa ikanyooka. Baada ya hapo, ukandani tu kila kabla ya kunyoa. Jiwe linaweza kusubiri miezi.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Kwa hiyo anza na mashavu tu, wiki mbili nzima, kidevu ukikiachia wembe uliouzoea. Lainisha ndevu kwa maji moto dakika tatu, paka povu zito, vuta ngozi kwa mkono wa pili. Mgongo uinuke kutoka kwenye ngozi kiasi cha unene wake mara mbili. Fuata ndevu zinakoelekea. Sisi wenye ndevu za kujikunja tusinyoe kinyume, maana unywele uliokatwa chini sana hujikunja ukarudi ndani ya ngozi, na hapo ndipo vipele vinapotoka.

Ukimaliza, suuza, kausha, piga ukandani mara kumi kutoa unyevu, paka tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kula huganda yakanata. Acha wembe wazi usiku mzima kabla ya kuufunga. Wa bara wanaweza kuruka hatua hii, sisi wa pwani hatuwezi.

Na wembe huu hauazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Homa ya ini na ukimwi hupita kwa damu usiyoiona. Mgeni akitaka kunyoa kwangu, nina nyembe za kutupa kwenye droo ya juu.