Kulipia matibabu ya uti wa mgongo Marekani: mlango wa aliyevaa magwanda na mlango wa raia

Nchini Marekani upasuaji wa uti wa mgongo huamuliwa mara mbili. Daktari huamua kwanza kama mgonjwa anauhitaji. Kisha mlipaji, awe ni kampuni ya bima au serikali, huamua kama ataulipia, na uamuzi huo wa pili una fomu, masharti na tarehe zake. Wengi wetu tuliokulia penye desturi ya kufika hospitalini na fedha mkononi, au baada ya ndugu kuchangishana, hujiandaa kwa uamuzi wa kwanza na kuusahau wa pili. Mwongozo huu unamhusu Mswahili anayeishi Marekani, awe alilitumikia jeshi la nchi hiyo au hakulitumikia, ambaye ameambiwa kwamba mgongo wake sasa unahitaji zaidi ya dawa za maumivu: kuondolewa kipande cha diski kwa tundu dogo, kuunganishwa pingili, kuwekewa diski bandia, au kupandikiziwa kifaa cha umeme kinachotuliza neva.

Ipo hali moja isiyongoja karatasi yoyote. Mtu aliyeanza ghafla kushindwa kuzuia au kutoa haja, aliyekufa ganzi sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au ambaye miguu inaishiwa nguvu, aende idara ya dharura iliyo karibu saa hiyo hiyo. Sheria ya mwaka 1986 inaitaka hospitali yenye idara ya dharura na inayopokea fedha za Medicare, bima ya serikali kuu hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, imchunguze na kuituliza hali yake bila kujali uwezo wake wa kulipa. Ikiwa mgonjwa huyo ni mwanajeshi wa zamani na hospitali si ya serikali, idara inayowahudumia wanajeshi wa zamani, iitwayo kwa kifupi VA, ijulishwe ndani ya saa 72 tangu huduma ianze. Kazi hiyo inaweza kufanywa na hospitali yenyewe, lakini ni salama zaidi ndugu wa mgonjwa akahakikisha kwamba imefanyika.

Baada ya hapo, jambo la kwanza ni kuujua mlango wako, na hapa Kiswahili chetu kinapotosha kidogo. Tunaposema "mwanajeshi mstaafu" tunawachanganya watu wawili ambao sheria ya Marekani inawatenganisha. Yupo aliyetumikia miaka 20 au zaidi akastaafu kwa pensheni, au aliyestaafishwa na jeshi kwa sababu za afya. Huyo ana haki ya TRICARE, ambayo ni bima ya jeshi. Yupo pia aliyetumikia miaka minne tu, akavua magwanda, akaenda kuendesha malori au kusomea uuguzi. Huyu hana pensheni ya jeshi, lakini ni mwanajeshi wa zamani, na mlango wake ni VA. Ni rahisi kwa huyu wa pili kudhani kwamba, kwa kuwa hakustaafu, hana chake. Wamo katika kundi hilo hata wahamiaji walioingia jeshini kwa mpango wa MAVNI, uliotafuta watu wenye ujuzi wa lugha maalumu, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Kujiandikisha VA hufanywa kwa fomu namba 10-10EZ, ikiambatana na hati ya kumaliza utumishi, DD214. Kwa kawaida aliyeingia jeshini baada ya tarehe 7 Septemba 1980 anatakiwa awe ametumikia miezi 24 mfululizo au kipindi chote alichoitwa, na asiwe amefukuzwa kwa aibu. Aliyeumia akiwa kazini husamehewa sharti hilo la miezi.

Lakini kuandikishwa peke yake hakutoshi kwa mtu mwenye mgongo mbovu, na hapa ndipo ningemshauri atumie muda mwingi. Ikiwa maumivu yalianza jeshini, kwa mizigo, kwa kuruka na miavuli au kwa ajali ya gari, aombe yatambuliwe kuwa ulemavu uliotokana na utumishi, kwa fomu 21-526EZ. Kabla ya kukusanya ushahidi wote anaweza kuwasilisha kusudio la kuomba, kwa fomu 21-0966, ambalo humhifadhia tarehe yake kwa mwaka mmoja, na kwa kawaida malipo yakikubaliwa huhesabiwa tangu siku hiyo. Kisha ataitwa kupimwa. Mgongo wa chini hukadiriwa hasa kwa nyuzi anazoweza kuinama mbele: asiyeweza kuzidi nyuzi 30 hupewa asilimia 40, na anayezidi 30 bila kuvuka 60 hupewa asilimia 20. Sisi tuliofundwa kwamba mtu mzima halii mbele za watu huuma meno tukainama hadi mwisho, kisha tukashangaa kuandikiwa asilimia ndogo. Mpimaji aambiwe ni wapi maumivu yanapoanzia, na siku mbaya huwaje, kwa sababu asichoambiwa hakiandiki. Maumivu yanayoshuka mguuni au ganzi ya mkononi yatajwe pia, maana neva hukadiriwa peke yake na kuongezwa kwenye hesabu.

Asilimia hizo zina maana kubwa wakati wa kulipa. Mwenye asilimia 10 au zaidi hatozwi mchango wa kumwona daktari wala wa kulazwa, ilhali asiye na kiwango chochote na mwenye kipato cha kutosha hutozwa dola 50 kila anapomwona bingwa. Mwenye asilimia 50 au zaidi huingia kundi la kwanza la kipaumbele, wala halipii dawa. Tena, mwenye kiwango chochote akifanyiwa upasuaji wa ugonjwa uliokwisha kutambuliwa, na kupona kwake kukahitaji mwezi mmoja au zaidi, anaweza kuomba ahesabiwe kuwa na asilimia 100 kwa muda huo. Nafuu hiyo haitangazwi sana, nayo ndiyo inayoweza kulipa kodi ya nyumba wakati mtu hawezi kwenda kazini.

Si kila hospitali ya VA ina daktari bingwa wa upasuaji wa uti wa mgongo. Sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika tarehe 6 Juni 2019, inamruhusu mgonjwa kutibiwa hospitali ya nje kwa gharama ya VA ikiwa huduma haipo, ikiwa safari ya kumfikia bingwa inazidi wastani wa dakika 60 kwa gari, ikiwa miadi haipatikani ndani ya siku 28, au ikiwa daktari wake na yeye wamekubaliana kwamba kutibiwa nje kutamfaa zaidi. Mwombe daktari wa VA aandike sababu hiyo kwenye faili, kwa kuwa maneno ya mdomo hayalipi bili. Rufaa, yaani kibali cha VA cha kutibiwa nje, ikitoka, isome: ina jina la mtoa huduma, aina ya huduma na tarehe ya kuisha. Ikiwa daktari wa nje ataona panahitajika kipimo au upasuaji ambao haumo, ni yeye anayetakiwa kuomba nyongeza kwa fomu 10-10172, na mgonjwa asilale mezani kabla jibu halijarudi. Anayekwenda kwa daktari binafsi kwanza na kuitafuta rufaa baadaye hujikuta mara nyingi na deni lililo lake peke yake.

Wazee wetu wanaokaribia miaka 65 wazingatie kwamba VA haichukui nafasi ya sehemu B ya Medicare, ile inayolipia madaktari na huduma zisizo za kulazwa. Asiyejiandikisha kwa wakati, na hana bima ya mwajiri anayefanyia kazi, huongezewa asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 aliyochelewa. Na aliyerudi nyumbani, akaishi Mombasa au Arusha, hajatupwa: VA ina mpango wa matibabu ya nje ya nchi unaolipia magonjwa yaliyotambuliwa kuwa ya utumishi, na mtu hujiandikisha kwa fomu 10-7959f-1. Mgongo usiotambuliwa hauhesabiwi huko, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kulimaliza dai hilo kabla ya kupanda ndege.

Raia wa kawaida ana mlango mgumu zaidi kuusoma, kwa kuwa kila bima ina masharti yake. Zipo hata hivyo tabia zinazofanana. Kampuni nyingi hazikubali upasuaji usio wa dharura mpaka zione kumbukumbu za matibabu ya kawaida, aghalabu wiki sita au zaidi za mazoezi tiba na dawa, pamoja na picha ya MRI inayolingana na malalamiko. Anayefanya mazoezi nyumbani bila kuandikwa popote, machoni pa bima hakufanya lolote. Kwa kuunganisha pingili, kampuni nyingi hutaka pia mgonjwa awe ameacha tumbaku, maana nikotini huzuia mifupa kushikana. Medicare nayo, tangu tarehe 1 Julai 2021, hudai idhini ya awali kwa kuunganisha pingili za shingo na kupandikiza kifaa cha umeme, pale huduma inapotolewa hospitalini bila kulazwa; na kifaa hicho lazima kijaribiwe kwanza kwa waya za muda, ionekane kwamba maumivu yamepungua. Diski bandia ya kiuno hailipiwi na Medicare kwa mwenye zaidi ya miaka 60.

Bima ikikataa, usikate tamaa wala usianze kulumbana kwa simu. Omba barua ya kukataa na kigezo cha kitabibu kilichotumika, umpelekee daktari wako, naye aombe kuzungumza na daktari wa bima moja kwa moja. Huenda suala likaishia hapo. Kwa bima nyingi una siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni, na kwa huduma ambayo bado haijatolewa inapaswa kukujibu ndani ya siku 30, au saa 72 ikiwa ni ya haraka. Ikikataa tena, una miezi minne ya kupeleka shauri kwa mchunguzi huru, na uamuzi wake unaifunga kampuni.

Kuhusu bili zenyewe, sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2022 inakulinda dhidi ya mtaalamu wa usingizi au msaidizi wa daktari mpasuaji asiye kwenye mtandao wa bima yako, yaani asiye na mkataba nayo, ikiwa hospitali yenyewe imo. Daktari mpasuaji mwenyewe anaweza kukupa karatasi ya kuiacha haki hiyo. Usiitie sahihi kwa haraka. Asiye na bima ana haki ya kupewa makadirio ya maandishi kabla ya huduma, na bili ya mtoa huduma yeyote ikizidi makadirio yake kwa dola 400 au zaidi anaweza kuipinga ndani ya siku 120. Kumbuka pia kwamba hospitali zisizo za faida hulazimika kuwa na sera ya msaada wa kifedha, na hupokea maombi kwa angalau siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya matibabu. Omba fomu hiyo kabla ya kukopa, na kabla ya kuanzisha kikundi cha michango cha WhatsApp.

Jihadhari na kliniki zinazouza sindano za seli shina kwa maumivu ya mgongo na kutaka fedha taslimu. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli hizo kwa ugonjwa huo, kwa hiyo si ajabu bima hazizilipii.

Mkalimani wa Kiswahili ni haki yako bila malipo katika hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, na ni bora kuliko mtoto wa shule kutafsiri habari za uti wa mgongo wa baba yake. Mwombe mkalimani huyo siku mbili au tatu kabla ya upasuaji, uipigie bima simu ukiwa naye, uulize kama namba ya idhini inahusu upasuaji ule ule, hospitali ile ile na tarehe ile ile, kisha uandike jina la aliyekujibu. Baada ya kutoka hospitalini, omba bili yenye mchanganuo wa kila kitu, uilinganishe na taarifa ya bima mstari kwa mstari, na usilipe kitu mpaka hesabu hizo mbili zikubaliane.